UZI: Mji unafufuliwa kwa sanaa yetu. Wakaazi wa Mji Mkongwe na Ng'ambo tunaingia wapi?

MwanaKikwajuni (mtoa mada)

Assalaam alaykum wana jukwaa.

Siku hizi hakuna kikao cha maendeleo ya mji wa Zanzibar kinachomalizika bila ya kutajwa uchumi wa ubunifu. Majengo mabovu yatengenezwe, yatiwe maduka ya sanaa na kumbi za muziki, wageni waje, vijana wapate kazi. Naliunga mkono jambo hili kwa moyo mmoja, maana nimezaliwa na kulelewa Ng'ambo na navijua vipaji vilivyomo. Ila kuna kitu kinaniuma. Mkaazi huitwa mara mbili tu: siku ya kuoneshwa ramani iliyokwisha kuchorwa, na siku ya uzinduzi, aje na ngoma yake. Katikati hapo, pale panapoamuliwa fremu apewe nani, kodi iwe kiasi gani na mkataba uwe wa miaka mingapi, hayumo.

Hoja yangu ni moja. Mkaazi ashirikishwe kwa kupewa chumba na mkataba. Kiti cha mkutanoni na chupa ya maji havitoshi.

Kwa wasio wa Unguja niseme kidogo. Mji wetu una pande mbili. Mji Mkongwe ni ule wa mawe, ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000. Ng'ambo ni upande wa pili wa ule mkono wa bahari uliokuwa ukipita Darajani kabla ya kufukiwa. Watalii wanalala upande wa mawe. Watu wengi wa mji wanaishi Kikwajuni, Mlandege, Kisimamajongoo, Miembeni, Michenzani, Mwembetanga, Jang'ombe na kwengineko.

Sasa tazameni muziki unaouzwa kwa jina la Zanzibar umetoka wapi. Siti binti Saad alizaliwa Fumba, akahamia mjini na kuishi Ng'ambo, na mwaka 1928 akapelekwa Bombay kurikodi santuri kwa Kiswahili, wakati taarabu ya jumba la mfalme ilikuwa ya Kiarabu. Kidumbak na beni ni mambo ya harusi za mitaani. Klabu ya taarabu ya Ikhwani Safaa ipo tangu 1905, Culture Musical Club tangu 1958. Vilabu hivi vimedumu kwa sababu vina mahali. Mwanachama akitoka kazini anajua jioni aende wapi, ala zipo, mwalimu yupo, kijana anakaa pembeni anasikiliza mpaka siku naye akabidhiwe ngoma ya dumbak. Hakuna mradi uliowaletea. Walikuwa na mlango wao.

Matamasha yamefanya kazi kubwa na sitaki mtu anielewe vibaya. Tamasha la filamu la ZIFF lilianza 1998, la muziki la Sauti za Busara 2004, na Ngome Kongwe imekuwa jukwaa linalojulikana dunia nzima. Lakini tamasha ni la siku chache na linategemea wafadhili. Mwaka 2016 Busara haikufanyika kwa kukosa fedha. Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi, tunachokiita DCMA, ambacho kimefundisha vijana wengi qanuni, udi na fidla, mwaka 2019 kilikuwa hatarini kufungwa kwa sababu hiyo hiyo. Mfadhili akiondoka, mwanafunzi anarudi barazani.

Upande mwengine kuna mifano ya kutia moyo hapa hapa nyumbani. Bustani ya Forodhani ilipofanyiwa ukarabati na taasisi ya Aga Khan na kufunguliwa upya 2009, wauza mishikaki na urojo hawakufutwa. Ramani yenyewe iliwatengea sehemu, na mpaka leo jioni bustani ile ni yao na ni ya familia za mjini sawasawa na ya wageni. Na ule mradi wa Ng'ambo Tuitakayo, uliofanywa na Idara ya Mipango Miji pamoja na Jiji la Amsterdam na wasanifu majengo wa Kiholanzi, uliwatoa maofisa na wanafunzi ofisini wakapita mitaani na wakaazi, kuandika vitu ambavyo wakaazi wenyewe wanavithamini: baraza, viwanja, vilabu, sehemu za kukutana. Mji ambao vitabu vingi viliushughulikia kwa milango yake ya upande wa mawe, hapo ulitazamwa kutoka upande wetu.

Kilichobaki ni hatua ya pili. Ukishajua mtaa una kikundi cha beni, washona kofia na mafundi wa kuchonga, uwape pa kukaa. Napendekeza hivi: kila jengo la serikali au la wakfu linalotengenezwa kwa fedha za umma, sehemu ya vyumba vya chini iwekwe kwa vikundi vya shehia ile (eneo lililo chini ya sheha mmoja), kwa mkataba wa miaka ya kutosha mtu kurudisha gharama ya vifaa vyake, na kodi ilingane na kipato chake. Majina ya waliopewa yabandikwe kwa sheha, kila mtu asome. Anayekodisha tena kwa mtu mwengine apokonywe.

Karibuni tujadili.

---

Nafuatilia_Tu

Uzi mzuri. Naweka kambi.

---

Fundi_Chokaa

Mtoa mada, ahsante. Miye nizungumzie upande mmoja unaosahauliwa: ufundi wa kujenga wenyewe ni kazi ya ubunifu. Watu wakisikia sanaa wanafikiri ngoma, picha na vinyago. Nyumba za Mji Mkongwe nazo zimejengwa kwa mikono ya watu waliosomea kwa miaka mingi.

Ukuta wetu ni mawe ya matumbawe, udongo na chokaa, na dari ni boriti za mikoko. Ukuta huu unapumua: mvua ikinyesha unanyonya unyevu, jua likitoka unautoa. Anakuja mkandarasi wa nje, hajui, anapiga plasta ya saruji kwa sababu inaonekana safi na ngumu. Saruji inaziba. Unyevu unabaki ndani na chumvi yake, plasta inavimba, siku ya siku inadondoka na mawe yake. Juu nako maji yanaingia kwenye ncha za boriti zilizozama ukutani, zinaoza pale pasipoonekana. Mwenye nyumba anaona dari imekaa sawa, kumbe boriti imeshika kwa vidole vitatu tu.

Sote tunakumbuka Beit al-Ajaib. Jumba la Sultan Barghash la mwaka 1883 lilianguka upande mmoja tarehe 25 Disemba 2020, na wafanyakazi wawili wakafa, Mungu awarehemu. Sina haja ya kumnyooshea mtu kidole. Nasema kwamba mji kama huu unahitaji mafundi wengi wa mtaani wanaojua kuzima chokaa, kuisubiri ilale mpaka iive, kuchanganya na kuipiga kwa tabaka nyembamba. Waliojua wanazeeka. Kijana akifundishwa kazi hii ana ajira ya maisha, kwa sababu majengo ni mengi na kila masika yanadai.

Ukarabati wowote wa jengo la umma uwe na kifungu: vijana kadhaa wa shehia wafanye kazi chini ya fundi mzee, walipwe, na mwisho wapewe cheti kinachotambulika. Hivi sasa kijana wa mtaa anaajiriwa kubeba mchanga. Jengo linakwisha, hajui hata mfaa wa mlango unachongwaje.

---

Msomaji_Shangani

Naunga mkono hoja ya fundi. Wachongaji milango nao hivyo hivyo. Mti mzuri umekuwa ghali, msaji haushikiki, wengi wamebaki kuchonga vimasanduku vya kuuza kwa wageni.

---

Mwekezaji_Mdogo

Nawaheshimu wote waliochangia, lakini ngoja niseme ambalo hamtaki kulisikia.

Nyumba nyingi za Mji Mkongwe zilitaifishwa baada ya 1964, zikagawiwa familia nyingi kwa kodi ndogo mno. Kodi ile haitoshi hata kununulia mabati ya kuezekea. Mamlaka ya Mji Mkongwe imeundwa 1985 na imefanya ilichoweza, lakini nyumba zilizookoka kwa wingi ni zile zilizopata mwenye fedha, na mwenye fedha alizifanya hoteli. Je, ni afadhali ingeanguka? Mimi nina nyumba moja niliyoitengeneza kwa jasho langu. Nikiambiwa fremu zangu za chini nizitoe kwa kikundi ambacho mwezi huu kipo na mwezi ujao viongozi wamegombana, benki yangu nitailipa na nini?

Na vikundi vyetu tunavijua. Mradi ukifika vinaundwa kwa wiki moja, posho ikisha vinakufa.

---

MwanaKikwajuni

Ndugu yangu Mwekezaji, umesema kweli nyingi na sina ugomvi nawe. Kwanza nieleweke: sikusema nyumba ya mtu binafsi. Nyumba uliyoitengeneza kwa jasho lako ni yako. Nasema majengo ya serikali na ya wakfu, na hasa yale yanayotengenezwa kwa mkopo au msaada ambao sote tutaulipa.

Kuhusu hoteli, nyumba zimeokoka, ni kweli. Lakini mtaa ni zaidi ya kuta. Hoteli zikishika mtaa mzima, duka la mkate linafungwa, madrasa inakosa watoto, na yule mgeni aliyekuja kuuona mji wa Waswahili anaona wageni wenzake. UNESCO wenyewe walionesha wasiwasi juu ya mradi wa Mambo Msiige, lile jengo la kale la ufukweni, kabla haujafunguliwa kuwa hoteli kubwa mwaka 2015, na wasiwasi ule ulihusu ukubwa wa jengo katika ufukwe. Mimi wa kwangu unahusu watu. Mji Mkongwe ukimaliza watu wake utabaki na nini cha kuuza?

Vikundi vya posho, hapo nakubaliana nawe kabisa. Ndiyo maana napendelea vikundi vilivyokuwepo kabla ya mradi. Mtaani kila mtu anajua beni lipi linapigwa miaka yote, bibi yupi amefundisha wasichana kushona kofia tangu hatujazaliwa, fundi yupi ana wanafunzi. Sheha akiulizwa mbele ya watu wake hawezi kudanganya. Akiulizwa peke yake ofisini, hapo ndipo majina mapya yanapozaliwa.

---

BiMkubwa_Mlandege

Wanangu, salamu. Nimesoma yote. Mnasema wakaazi, wakaazi, na mimi ninawaona wanaume tu wanaozungumzwa.

Mkutano wa mradi unaitishwa saa nne za asubuhi. Saa hizo mwanamke yuko sokoni au jikoni. Unafanyika ukumbini, wanaume wamejaa viti vya mbele, mwanamke anasimama mlangoni na mtoto mgongoni. Mwisho inaandikwa kuwa wanawake walishiriki, kwa sababu jina lake limo kwenye karatasi ya mahudhurio.

Kazi za mikono za mji huu nyingi ni zetu. Kofia ya kiua inashonwa na mwanamke, tundu kwa tundu, wiki nzima na nyengine juu yake, na akipeleka dukani anapewa bei ambayo mwenye duka anaizidisha mara kadhaa mbele ya mgeni. Hina na piko ni zetu, ukili ni wetu, mapishi yetu, udi na maua ya asumini ya kupamba bibi harusi yetu. Lakini fremu za barabara ya wageni zimejaa vitu vya viwandani na vinyago vya kutoka bara. Sisi tunashona uani.

Mkitaka kutushirikisha njooni baada ya alasiri, wakati watoto wako chuoni kusoma Kurani. Njooni kwenye vikundi vyetu vya kuweka na kukopa, kwa sababu huko tumezoea kusema na tumezoea kuhesabu fedha. Asiyeamini vikundi vinaweza kulipa kodi aje aone daftari letu, hakuna mwezi uliokosa.

Na hivyo vyumba vya chini, viwe na choo na mahali pa kusalia. Bila ya hayo hakuna mwanamke atakayekaa hapo kutwa.

---

Fundi_Chokaa

Bi Mkubwa, shikamoo. Hili la choo linaonekana dogo lakini ndilo linaloamua. Majengo ya zamani mabomba yake yameoza na ukitia choo kipya bila ya mpango maji yanakwenda ukutani. Lazima liingie kwenye mchoro tangu siku ya kwanza, na ndiyo sababu kina mama waulizwe kabla mchoro haujakwisha.

---

Mzee_wa_Malindi

Amani iwe juu yenu. Nimeombwa na kijana wangu nichangie.

Mnapozungumza kumbi za sanaa, kumbukeni kuwa mitaa yetu ina misikiti kila kona. Tumeona mahali palipofunguliwa kwa jina la sanaa, baada ya muda pakawa pa kuuza ulevi na muziki mpaka usiku wa manane. Watu wa mtaa wakalalamika, wakaambiwa wanapinga maendeleo. Kama wakaazi tunashirikishwa kweli, basi tuwe na haki ya kusema hapana, na hapana yetu isikilizwe.

Mimi si mtu wa kuchukia muziki. Nimekulia na taarabu. Ila taarabu ilijua saa zake na adabu zake.

---

MwanaKikwajuni

Shikamoo mzee wangu. Naliandika hili kama ulivyolisema: haki ya kukataa. Napendekeza masharti ya matumizi ya jengo yaamuliwe na shehia yenyewe kabla ya kukabidhi funguo: saa za mwisho za sauti, nini kisiuzwe, na nani wa kumwendea yakivunjwa. Yaandikwe ndani ya mkataba. Mpangaji akijua mapema, anayetaka baa atatafuta pengine.

---

KijanaWaDandora

Hamjambo ndugu zangu wa Zanzibar. Niko Nairobi, na ningependa kuwaeleza yaliyofanyika kwetu.

Dandora ilijengwa kuanzia miaka ya 1970 kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Mtu alipewa ploti yenye choo na bafu, kisha ajijengee vyumba mwenyewe. Kati ya nyumba kuna uwanja wa pamoja, sisi tunauita korti. Miaka ikapita, korti zikajaa takataka na matope, na mtaa ukajulikana kwa jaa na ujambazi peke yake. Kuanzia kama 2013 na 2014 vijana wakaanza kusafisha korti moja moja. Walipanda maua na nyasi, wakapaka kuta rangi, wakaweka geti, na kila nyumba ikawa inatoa mchango mdogo wa mwezi kwa vijana wanaolinda na kusafisha. Kisha yakaja mashindano kati ya makundi, korti ipi imebadilika zaidi, na hapo mtaa ukawaka. Watoto waliokuwa hawana pa kuchezea wakapata.

Ninachotaka mkione ni mpangilio wake. Kazi ilianza na watu wanaoishi pale, wasanifu na mashirika ya kimataifa wakaja baadaye kusaidia kuboresha barabara. Na pesa ya kila mwezi inatoka kwa majirani, kwa hivyo mfadhili akienda kazi haisimami. Hiyo pesa ni ndogo, lakini ni ya uhakika, na anayeitoa ana haki ya kuuliza.

Pia kuna GoDown, kituo cha sanaa kilichofunguliwa 2003 katika maghala ya eneo la viwanda. Mwaka 2013 walianzisha tamasha la Nai Ni Who, ambapo wakaazi wa mitaa ndio waliowatembeza watu mtaani kwao na kuwasimulia. Mtu wa Westlands aliingia Kaloleni akiongozwa na mzee wa Kaloleni. Hilo mnaweza kulifanya Ng'ambo kesho asubuhi. Mnahitaji wazee na viatu tu.

---

Msomaji_Shangani

Hili la kutembeza limenigusa. Watembezaji wanamaliza safari Darajani, wanawaonesha wageni soko kisha wanageuza. Michenzani hawafiki, na yale majumba marefu yaliyojengwa enzi za Mzee Karume kwa msaada wa Ujerumani Mashariki yana historia ambayo hakuna mji mwengine wa Afrika Mashariki unayo.

---

Mdau_Mburahati

Wakuu, salamu kutoka Dar. Mtoa mada umenena, ila kuna kundi hujaligusa: wapangaji.

Huku kwetu muziki wa singeli umezaliwa Mburahati, Manzese, Tandale, kwenye vyumba vya kupanga. Studio ni chumba kimoja, kompyuta, spika, na godoro ukutani la kuzuia sauti. Hakuna wizara iliyoileta. Leo singeli inapigwa kwenye matamasha ya Ulaya. Sasa barabara inapanuliwa au mtaa unaboreshwa, mwenye nyumba anafanyiwa tathmini ya fidia. Mpangaji mwenye studio mara nyingi haonekani kwenye karatasi yoyote. Anahama na kompyuta yake, vijana kumi waliokuwa wanajifunza pale wanatawanyika. Mtaa ukishapendeza kodi inapanda, na aliyeupa mtaa jina hawezi tena kuishi pale.

Kwa hiyo mkihesabu wakazi msihesabu wenye hati tu. Kwenye mradi wa Ramani Huria, wanafunzi wa vyuo na wananchi wa kata walitembea mtaa kwa mtaa wakaweka kwenye ramani mifereji, njia, visima na vyoo, kazi iliyotangulia Tandale mwaka 2011. Ramani ile imesaidia sana mambo ya mafuriko. Mngefanya kama ile kwa kazi za ubunifu: chumba kipi kinarekodi, ua upi unashona, baraza ipi inachonga, na anamiliki au amepanga. Ukishakuwa na karatasi hiyo, mradi ukija huwezi kuambiwa hapakuwa na mtu.

Halafu jambo la mahali, mtoa mada yuko sahihi sana. Nyumba ya Sanaa ilianzishwa hapa 1972, wasanii akina George Lilanga wamepitia pale. Ardhi ile ilikuwa katikati ya jiji, thamani ikapanda, jengo halipo tena. Wachoraji wa Tingatinga pale Oysterbay wana ushirika wao tangu 1990, na wapo. Tofauti naiona kwenye ule ushirika: wachoraji wenyewe ndio wenye jina, wenye sauti na wenye daftari.

---

Mwekezaji_Mdogo

Hoja ya ushirika naikubali zaidi kuliko ya kikundi. Ushirika umesajiliwa, una hesabu zinazokaguliwa, na unaweza kushitakiwa usipolipa. Ukiniletea ushirika, hata fremu yangu binafsi naweza kuzungumza. Suala langu la matengenezo bado lipo. Nani anaezeka paa likivuja?

---

Mzenji_Hamburg

Naomba nijibu hilo la matengenezo kwa mfano wa huku ninakoishi. Hamburg na Dar es Salaam ni miji dada tangu 2010, kwa hiyo si mgeni kabisa kwetu.

Katikati ya Hamburg kuna mtaa mdogo unaoitwa Gängeviertel, majengo 12 yaliyobaki ya makaazi ya zamani ya wafanyakazi, vichochoro vyembamba ambavyo ukivipita unakumbuka Hurumzi yetu ya Mji Mkongwe. Jiji liliyauza kwa mwekezaji wa Kiholanzi, na mengi yangebomolewa. Agosti 2009 wasanii na wakaazi kama 200 wakaingia, wakafungua milango, wakatundika picha, wakawaita watu wa mji waje kuona kinachotaka kubomolewa. Watu walikuja kwa maelfu. Kufikia Disemba mwaka ule ule jiji lilikuwa limeyanunua tena. 2010 wakaunda ushirika.

Baada ya hapo yalifuata mavutano ya miaka juu ya swali lile lile la Mwekezaji: nani anatengeneza, nani anasimamia, nani anachagua wapangaji. Jiji lilitaka kusimamia lenyewe. Wao walikataa, wakaona bora ukarabati usimame kuliko kuingia na mkataba mbaya. Mwisho wakapata mkataba wa muda mrefu wa kutumia majengo, ardhi ikibaki ya umma. Mimi hilo ndilo naliona zuri kwa Zanzibar: ardhi ni ya serikali tayari! Hatuna haja ya kununua chochote. Wakfu pia una taratibu zake za kukodisha. Kinachokosekana ni mkataba mrefu wenye mgawanyo ulioandikwa: paa, kuta na boriti kwa mwenye jengo, ndani, milango, rangi na usafi kwa ushirika, na sehemu ya kodi iingie katika mfuko wa paa ambao pande zote mbili zinautilia saini.

---

Fundi_Chokaa

Mfuko wa paa, hapo umesema. Nyumba za mawe zinakufa kuanzia juu. Ukishaziba paa na kusafisha michirizi kila kabla ya masika, ukuta unakaa miaka mingi bila ya kukusumbua. Ushirika ukiwa na fundi wawili wa chokaa miongoni mwa wanachama, matengenezo madogo wanafanya wenyewe na inahesabiwa kama kodi. Nimeona wapangaji wa zamani wakifanya hivyo.

---

BiMkubwa_Mlandege

Hapo mmefika penye akili. Nasi tutiwe kwenye sahihi za huo mfuko. Mtu wa kushika kitabu awe mwanamke, mtaniambia.

---

Nafuatilia_Tu

Swali kwa mtoa mada: haya yote yanaanzia wapi? Tumeandika sana, sheha hasomi jukwaa.

---

MwanaKikwajuni

Swali la haki. Nimekusanya yaliyosemwa na nimezungumza na vijana wenzangu na wazee wawili wa mtaa, na tunaanza na shehia moja tu ili tusitawanyike.

Tunaanza na ile orodha ya Mdau wa Mburahati. Vijana waliomaliza skuli watapita nyumba kwa nyumba, msichana na mvulana kwa pamoja ili waweze kuingia uani pia, waandike kazi, mwenye kazi, na kama amepanga. Majina hatutayaweka mtandaoni. Yatakaa kwa sheha na kwa kamati. Mikutano itakuwa baada ya alasiri kama alivyoagiza Bi Mkubwa. Mzee wa Malindi tutakuomba, kwa hisani yako, utusaidie maneno ya yale masharti ya matumizi, maana wewe unajua namna ya kuandika kitu ambacho imamu na mpiga beni wote wataweka saini.

Sitaki tuombe fedha mwanzoni. Tunaomba chumba kimoja, cha jengo la umma ambalo liko tupu, kwa mkataba wa kueleweka. Kina mama wa kofia mchana, wanafunzi wa ala baina ya alasiri na magharibi, na fundi chokaa Ijumaa asubuhi na wanafunzi wake kwenye ukuta wa chumba hicho hicho. Wenye jengo wakikataa, watupe sababu kwa maandishi, nasi tutaibandika hapa.

Mwekezaji, ukipata nafasi utusomee rasimu kwa jicho la mtu anayelipa benki. Wewe utaona matundu ambayo sisi hatuyaoni.

Kinachohitajika sasa ni mfano. Mwenye nakala ya mkataba wa zamani wa upangaji wa Mji Mkongwe, ule wenye kifungu cha mpangaji kukatwa kodi kwa matengenezo, afute majina auweke hapa tuusome.

---

Mwekezaji_Mdogo

Rasimu nitumieni. Nitaisoma, na nitaandika kila penye shida bila ya kuficha.

---

Fundi_Chokaa

Mkataba wa namna hiyo ninao, wa nyumba aliyopanga mzee wangu. Kifungu cha matengenezo kiko ukurasa wa pili. Naupiga picha usiku huu nauweka.